Yaya wangu alinisomesha, sasa anataka nimwandikie memwari yake

Mama mshauri, jambo sana.

Mimi ni mwalimu wa biolojia na kemia katika sekondari moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Nina miaka 34, mume na watoto wawili. Jina langu naomba ulifiche.

Niruhusu nianzie mwaka 2003, maana bila huko hutanielewa. Baba alikuwa mfanyakazi wa Gécamines. Kampuni ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari, naye alipokea pesa zake akarudi nyumbani. Haukupita mwaka pesa zikawa zimekwisha. Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, mtoto wa kwanza kwetu, ndiyo kwanza alikuwa anamaliza mwaka wa kwanza wa politekniki kule UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Aliacha. Hakuitisha kikao wala hakumlilia mtu. Alishuka Kasumbalesa, mpakani, akawa anapakua magunia ya unga kwenye malori yanayotoka Zambia, na pesa ile ndiyo iliyolipa minerval yangu, ada ya shule. Nilikuwa na miaka 12. Nilisoma hadi diploma ya serikali, nikaenda ISP, chuo cha ualimu, nikapata gradua, kisha lisansi. Viatu nilivyovaa siku ya kutetea memwari yangu, ile kazi ya utafiti ya kumalizia chuo, alininunulia yeye.

Naye hakulala. Alisoma jioni, akapata lisansi yake akiwa na miaka 36. Leo ni mwalimu wa madereva wa magari makubwa katika kampuni ndogo inayofanya kazi migodini upande wa Fungurume. Anakaa kule wiki tatu, anarudi nyumbani wiki moja.

Shule yetu ilipata msaada wa kompyuta 18. Mpaka leo zimefungiwa chumbani, kwa sababu hakuna anayejua zifanye nini darasani mahali ambapo intaneti ni ya kununua mega kwa mega. Hizo kompyuta ndizo zilizonitia hamu ya kutafuta masta ya teknolojia ya ufundishaji. Nikaipata, inafundishwa kwa masafa na chuo kikuu cha ng'ambo, kwa Kifaransa, miaka miwili, krediti 120, dola 1,900 kwa mwaka. Mshahara wa mwalimu unaujua, Mama. Nikataka kuacha. Yaya akaniambia: «Jiandikishe, nami nitajiandikisha pamoja nawe.» Kazini kwao kuna nafasi ya mkuu wa mafunzo na wanadai masta. Analipa yake yote, na nusu ya yangu.

Kazi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa kuchambua mahitaji ya mafunzo mahali tunapofanya kazi. Alinitumia yake niipitie kabla ya kuituma. Kurasa tatu, Kifaransa kinachokwama kila mstari. Niliona aibu kwa ajili yake. Usiku ule niliiandika upya yote. Hakuniomba. Alipata 15 kwa 20. Mimi nikapata 12.

Tangu siku hiyo akawa ananitumia maswali kwa WhatsApp, nami namwandikia. Nenosiri lake ninalo mimi. Kazi zinafungwa saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za Paris, na mara nyingi umeme ukikatika nakaa na kompyuta iliyobaki na asilimia kumi, najiuliza nimalizie ipi kwanza. Karibu kila mara namalizia yake.

Sasa tumefika mwaka wa pili, mwaka wa memwari. Wiki mbili zilizopita alinipigia simu: «Mdogo wangu, mimi kwa mambo haya nimechelewa. Nimalizie hii moja tu.» Sikujibu. Nilisema mtandao mbaya, nikakata.

Nilimwendea shangazi nikidhani atanielewa. Aliniambia neno moja tu: fadhila ya punda ni mateke. Mume wangu anasema hayo ni ya kwetu, yeye hayaingilii.

Kinachonichoma ni kwamba yaya si mjinga. Wakati wa vakansi nilimtembelea, nikamkuta nyuma ya kambi yao na madereva wapya. Alikuwa amechora barabara ya mgodi kwa kijiti kwenye vumbi, akawapanga wanaume wazima kama magari, mwenye mzigo huku, asiye na mzigo kule, akawaambia wapishane. Walicheka, wakakosea, akawarudisha mpaka wakajua. Mtu kama huyo, ukurasa mmoja wa chuo unamshinda.

Nimwandikie memwari hii? Na kama nitakataa, nitafungua kinywa namna gani mbele ya mtu aliyebeba magunia ili mimi nijue kusoma?

Mdogo wake, Katuba

*

Mwalimu, mdogo wangu,

Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilikuwa upande wako tu. Nilipoirudia nilianza kumwona na yeye, amekaa kambini jioni na buti za kazi miguuni, anafungua ukurasa wa chuo kwenye simu, anaufunga, anakutumia wewe. Basi nawajibu ninyi wawili, ingawa aliyeandika ni mmoja.

Kama nimekuelewa, una mambo mawili unayoyaogopa kwa wakati mmoja. Unaogopa kumsaidia yaya wako kupata diploma ambayo haitakuwa yake, tena kwa mkono wako. Na unaogopa kuwa yule mtoto aliyekula akashiba kisha akamgeuzia mgongo aliyempikia. Katikati yake kuna pesa, nusu ya dola 1,900, ambazo zinafanya kila neno utakalomwambia lionekane kama lina bei. Hofu zako zote mbili ni za kweli. Watu wa nje watakuambia «kataa tu, ni rahisi». Hao hawajabebwa mgongoni na mtu. Kwetu, mdogo kumwambia yaya hapana si neno dogo, na sitakuambia ni dogo.

Lakini kuna mistari katika barua yako niliyokaa nayo zaidi, na naomba tuitazame pamoja.

Wa kwanza ni wa shangazi. Nimetafuta mahali ambapo yaya mwenyewe amekukumbusha magunia ya Kasumbalesa, sijapapata. Yeye alisema tu kwamba amechelewa, akaomba msaada. Neno la punda na mateke limetoka kwa shangazi, na neno la deni, nadhani, limetoka kwako wewe mwenyewe, usiku, umeme ukiwa umekatika. Inawezekana naye analibeba kimyakimya moyoni. Inawezekana pia kwamba alichokifanya mwaka 2003 yeye hakukihesabu kuwa mkopo hata siku moja. Hujui, kwa sababu hamjawahi kuyazungumza. Je, una hakika unalipa deni analolidai?

Wa pili ni mfupi mno. Uliandika: «Hakuniomba.» Kisha ukaendelea mbele kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Nakurudisha hapo taratibu, si kwa kukushtaki. Kurasa zile tatu zilikuwa zake. Zilikwama, ndiyo. Lakini hakuna mwalimu wa chuo aliyeziona. Hatutajua kamwe zingepata ngapi, labda 9, labda 11. Tunachojua ni kwamba zingerudi na maoni pembeni: hapa fafanua, hapa toa mfano, hapa umesema vizuri. Maoni hayo ndiyo aliyoyalipia. Katika masomo ya masafa, ambako hakuna ubao wala korido ya kumsubiri profesa, sehemu kubwa ya kufundishwa iko humo. Uliona aibu kwa ajili yake, ukamfunika kwa upendo, na bila kutaka ukamzibia mlango ambao mwalimu wake angepitia kumfikia. Mimi pia ningeweza kufanya hivyo kwa mtu ninayempenda. Nalitaja kwa sababu unaandika kana kwamba jambo hili lilianza na simu ya wiki mbili zilizopita, na kumbe lilianza usiku ule. Utakapoongea naye, huenda ikawasaidia wote wawili ukianza na sehemu yako.

Wa tatu ndio niliousoma kwa furaha: kijiti, vumbi, wanaume wazima wanapishana kama magari.

Mwalimu, unajua somo lako lilianzia wapi? Unalisoma, kwa hiyo huenda unajua, lakini sidhani umeliweka karibu na picha hiyo. Taaluma hii haikuzaliwa kwenye kompyuta. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani lilihitaji kuwafundisha watu wengi kazi za hatari kwa muda mfupi, likatumia filamu za mafunzo na wanasaikolojia wa elimu. Robert Gagné, ambaye bila shaka mmefundishwa, alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi za aina hiyo jeshini. Mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kililitengenezea jeshi hilo utaratibu wa kuandaa mafunzo, ambao ndio uliozaa hatua tano wanazozikariri wanafunzi wa fani yenu leo kwa jina la ADDIE: kuchambua, kubuni, kutengeneza, kutekeleza, kutathmini. Walengwa wa kwanza walikuwa askari wanaojifunza kazi zao. Sasa mtazame yaya wako. Amechambua kwamba dereva mpya hajui nani ampishe nani. Amebuni barabara ya vumbi. Amewatia watu ndani yake, wamekosea mahali ambapo kosa haliui, amewarudisha, ametazama kama wamejua. Yuko ndani ya somo hili kuliko wanafunzi wengi wanaoliandikia Kifaransa kizuri. Kinachomkwamisha ni lugha ya chuo, na pengine ile aibu ya kuanza tena mahali alipokatizwa akiwa na miaka 20.

Kwa hiyo unaposema ukurasa mmoja unamshinda, nakuuliza: unamshinda, au hajawahi kuachwa apambane nao akiwa na mtu pembeni?

Nije kwenye hatari, maana uliniuliza jambo zito na si haki nilipite juujuu.

Ukimwandikia, mnaweza kufika mwisho. Wapo wanaofika. Lakini pima njia yenyewe. Chuo kinachotumia Turnitin au Compilatio, programu za kugundua maandishi yaliyonakiliwa, kinaweza kulinganisha kazi za wanafunzi wake, na mtu mmoja akiandika memwari mbili kuhusu mambo yanayokaribiana, mtindo wake hujirudia hata asipotaka. Kisha kuna siku ya kutetea. Yaya atakaa mbele ya kamera, ataulizwa kwa nini alichagua njia hii na si ile, na wewe hutakuwa kinywani mwake. Wakigundua, wanaoitwa mbele ya baraza la nidhamu ni wawili, aliyeandika na aliyeandikiwa. Vyuo vingi humtaka mwanafunzi atie saini kuhusu jambo hili siku ya kujiandikisha. Soma tena mliyoyasaini.

Na usidhani kwamba diploma ikishatoka basi imetoka. Annette Schavan alikuwa waziri wa elimu wa Ujerumani. Udaktari wake aliupata mwaka 1980, na mwaka 2013 chuo cha Düsseldorf kikamvua kwa sababu ya kunakili maandishi ya wengine. Alikana kwamba alikusudia kudanganya, lakini alijiuzulu uwaziri. Ilikuwa imepita miaka 33. Yaya wako si waziri, lakini nafasi anayoitafuta ina washindani, na washindani huwa na kumbukumbu.

Liko jingine ambalo sitaki kulikuza wala kulificha. Mkuu wa mafunzo mgodini ndiye anayeamua dereva mpya atafundishwa nini kabla ya kukabidhiwa gari. Kwa alichonacho kichwani na mikononi, yaya wako anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri. Lakini siku atakapotakiwa kuandika mpango wa mafunzo wa mwaka mzima, au kuutetea mbele ya wakubwa, atakupigia wewe tena. «Hii moja tu» ina kawaida ya kuzaa.

Na wewe? Kumi na mbili yako inaniuma. Naona mwanamke anayempa kaka yake kazi nzuri na kujibakizia makombo, kama mama zetu walivyojipakulia bukari, ugali, ya mwisho sufuriani. Kule shuleni kompyuta 18 bado zimefungiwa. Ulianza safari hii kwa ajili ya kaka yako?

Kukataa nako kuna gharama. Anaweza kuacha kulipa nusu yako. Anaweza asiache, aendelee kulipa kwa kimya, na kimya hicho kikawa kizito kuliko pesa. Shangazi atapata la kusema kwenye kila msiba na kila harusi. Anaweza pia kuumia kwa namna usiyoitarajia: mtu aliyezoea kuwa mkubwa wako akasikia kwamba siku zote umemwona hawezi. Hili la mwisho naliogopa kuliko yote, kwa hiyo maneno yako yachague.

Katikati ya ndiyo na hapana kuna nafasi, na nafasi hiyo mnaisomea. Mwaka 1976 watafiti Wood, Bruner na Ross walieleza msaada wa mtu anayejua kwa mtu anayejifunza kwa mfano wa jukwaa la ujenzi, zile mbao anazosimamia fundi kuufikia ukuta wa juu. Jukwaa halijengi. Fundi ndiye anayejenga, na ukuta ukisimama mbao zinaondolewa. Umekuwa ukijenga ukuta wake, yeye amesimama chini anakupa matofali. Je, mnaweza kubadilishana mahali?

Nafikiria hivi, nawe upime. Katika ile wiki yake moja ya nyumbani mnakaa. Mnaweka simu irekodi, unamwambia akusimulie madereva wake, kwa Kiswahili, kama anavyomsimulia rafiki: nani alikosea nini, alijuaje, alibadilisha nini, baada ya hapo wakaacha kukosea? Unauliza, huandiki. Akirudi kambini anasikiliza maneno yake mwenyewe na kuyaandika, aya moja moja, kwa Kifaransa alichonacho. Wewe unaweka alama mahali pasipoeleweka na kumrudishia, bila kufuta na kuandika lako. Msimamizi wake anajua kwamba yupo mtu anayempitia lugha. Muulizeni mapema, kwa barua, ni msaada gani wa lugha unaoruhusiwa na mpaka wake ni upi. Swali la namna hiyo haliwatii hatiani, na jibu lake litawapa mahali pa kusimama.

Hatari zake? Ni njia ndefu. Itakula usiku wako mwingi kuliko kumwandikia, angalau mwanzoni. Anaweza kupata 11 aone umemshusha kutoka 15. Na ukichoka, saa tano na nusu usiku, kazi ikikaribia kufungwa, mkono wako utataka kuandika wenyewe. Mimi na wewe tunajua hivyo.

Njia nyingine ni yeye kuomba kusimamisha masomo kwa mwaka, aimarishe Kifaransa chake cha kuandika, kisha arudi. Waulizeni kama wanaruhusu na kama ada iliyolipwa inahamishika. Naisema kwa tahadhari, maana katika masomo ya masafa wengi huacha njiani kuliko madarasani, na anayesimama kidogo mara nyingi hasimami kidogo. Tena nafasi ya kazi haitamngoja. Lakini kwa mtu wa wiki tatu kambini, huenda ikawa ndiyo heshima kubwa kwake.

Kuhusu kazi zilizokwisha kutumwa, sijui niseme nini kitakachokutuliza. Mnaweza kukaa kimya na kuishi nalo. Mnaweza kumwendea msimamizi na kusema, mkijua kwamba jibu linaweza kuwa huruma au baraza la nidhamu. Kitu kimoja tu nakusihi: usiende kusema peke yako bila yeye kujua. Hilo ataliona kama kuuzwa.

Kabla ya kuongea naye, tenganisha pesa na maneno kadiri unavyoweza. Piga hesabu ya nusu yako. Uliza chuo kama inalipika kwa awamu. Mshirikishe mume wako katika hili moja hata kama la yaya amekataa kuliingilia, maana ada yako ni ya nyumba yako. Inawezekana hesabu ikakataa. Lakini ukijua kwamba ungeweza kujilipia hata kwa miaka mitatu badala ya miwili, ulimi wako utakuwa mwepesi.

Na usimwambie kwa WhatsApp, wala kwa kupitia shangazi. Msubiri arudi, umpe chakula kwanza.

Yupo msomi wa Marekani, Richard Clark, ambaye mwaka 1983 aliandika maneno yaliyowagawa watu wa fani yenu mpaka leo. Alisema chombo kinachopeleka somo, iwe redio, televisheni au kompyuta, hakimfanyi mtu ajue zaidi, kama vile lori linaloleta chakula lisivyobadilisha lishe yetu. Msomi mwingine, Robert Kozma, alimjibu, wakabishana miaka, nawe utakutana nao ukiandika yako. Niliposoma barua yako nilimkumbuka, kwa sababu ninyi wawili mnayajua malori hayo kuliko yeye. Yaya wako alisimama nyuma ya lori Kasumbalesa akashusha unga, na unga ule ukawa biolojia, ukawa kemia, ukawa wewe. Wewe alikupa unga. Sijui kama anajua kwamba hiki anachokuomba leo ni lori peke yake. Huenda anajua na linamtosha, maana anataka nafasi ya kazi tu, ana watoto na umri unakwenda. Hilo nalo ni la mtu mzima, tusilidharau. Au huenda ndani yake bado yuko yule kijana wa politekniki aliyeondoka bila kuaga, na angependa mara moja maishani kuona kazi yake mwenyewe imerudi na maoni pembeni.

Mimi ningeanzia hapo. Nisingeanza na memwari. Ningemuuliza: «Yaya, siku ulipoacha chuo ulijisikiaje?» Miaka 22 imepita, na nadhani hakuna aliyemuuliza. Akikaa kimya, mwache akae. Kisha mwambie juu ya siku ile nyuma ya kambi, ulichokiona na kwa nini ulikikumbuka mpaka ukakiandika kwa mtu usiyemjua. Baada ya hapo utajua unaongea na nani, na mengine yatakuja: 15 na 12, nenosiri, na lile la kurasa tatu.

Utakachoamua ni chako na chake. Ukiamua kumwandikia, sitakufukuza mlangoni. Ukiamua kutomwandikia, sitakuita shujaa. Niandikie tena baada ya wiki yake ya nyumbani, hasa kama mazungumzo yamekwenda vibaya.

Na ile memwari yako wewe, ya kompyuta 18? Kolibri, programu ya masomo, inafanya kazi bila intaneti, na Kiwix, ya kusomea kurasa kama za Wikipedia, pia. Kompyuta moja ikihifadhi masomo, nyingine 17 zinaweza kusoma kutoka kwake kwa waya au Wi-Fi ya chumbani, bila kununua mega hata moja. Mwombe prefe wako, mkuu wa shule, ufunguo wa chumba kile wiki hii, uwashe mbili tu uone kama zinaongea.

Wako,
Mama mshauri